Kipimo cha RNA kwa saratani ya tumbo: jibu kwa ndugu anayeuguza baba

Pole sana ndugu kwa kuuguza. Umeuliza kama ule mtandao wa RNA (nakala zinazotolewa kwenye DNA) uliousoma unaweza kusema mzee amebakiza muda gani, na kama utafute kipimo chake. Nimefanya kazi hiyo maabara miaka kadhaa, naomba nikueleze nilichokiona.

Chini ya asilimia 2 ya DNA yetu ndiyo hubeba maelekezo ya protini. Sehemu kubwa ya iliyobaki nayo hunakiliwa kuwa RNA, ila haizai protini. Zipo maikroRNA, fupi mno, herufi 22 hivi, ambazo hunyamazisha jeni. Zipo ndefu, za herufi zaidi ya 200, na baadhi yake huzifyonza maikroRNA kama sifongo, jeni zilizonyamazishwa zikaamka. Ukichora nani kamshika nani, huo ndio mtandao. Si porojo: HOTAIR, mojawapo ya zile ndefu, ikizidi kwenye uvimbe wa tumbo, mara nyingi ugonjwa huwa mkali zaidi.

Sasa shida. Nilichukua data za wagonjwa, nikachuja RNA 7 kati ya maelfu, nikawagawa wagonjwa mafungu mawili: hatari kubwa na hatari ndogo. Mistari ya uhai kwenye grafu, inayoonyesha wangapi bado wako hai kadiri muda unavyopita, ikaachana vizuri mno, mpaka nikaita wenzangu waje waone. Tulipojaribu RNA zilezile kwa wagonjwa wa kundi jingine, mistari ikalaliana. Zilikuwa zimewakariri wale wa kwanza tu. Ukipekua maelfu, hukosi 7 zinazoonekana kubashiri! Tafiti nyingi mno zinaishia kwenye grafu ya kwanza, kila moja na orodha yake.

Kwa damu ndiyo ngumu zaidi. Niliwahi kushika mirija miwili ya mgonjwa mmoja: mmoja majimaji yake njano safi, mwingine yana wekundu kidogo kwa sababu chembe nyekundu zilipasuka wakati wa kutoa damu. miR-451, mojawapo ya zile maikroRNA, imejaa ndani ya chembe hizo, basi majibu yakatofautiana kana kwamba ni watu wawili.

Kwa hiyo usilipie kipimo hicho kwa ajili ya kujua siku za mzee. Hata kingekuwa kizuri, kinasema habari za kundi, si za baba yako.

Ulizia haya: saratani iko hatua gani, kama amefanyiwa upasuaji, tezi za limfu ngapi zilichunguzwa (inashauriwa zisipungue 16) na ngapi zilikutwa na saratani, HER2 (protini inayochochea uvimbe ukue) ikoje, MSI (dalili kwamba chembe za saratani hushindwa kurekebisha makosa ya DNA) ikoje, PD-L1 (protini inayoisaidia saratani kuikwepa kinga ya mwili) je? Hayo yana dawa nyuma yake. Mwenye HER2 nyingi, kwa mfano, anaweza kuongezewa trastuzumab, dawa inayolenga HER2, na MSI ikiwa juu, dawa za kuamsha kinga huwa na nafasi nzuri.

Ripoti ya patholojia, yaani majibu ya uchunguzi wa kinyama cha uvimbe, mnayo? Ifiche jina, iweke hapa tuisome pamoja.