Muulize Fundi wa Piano: Mpiga Selo Alilipwa Bure?

Barua za mwezi huu zimenifurahisha kwa sababu karibu zote zinahusu jambo moja: muziki wa watu watatu, bila bendi, bila mwimbaji, bila mtu wa kupunga kijiti mbele. Nimechagua tano.

Salaam Fundi. Mwajiri wangu alinipeleka kwenye tamasha hapa Mombasa: fidla, selo (ile kama fidla kubwa, hupigwa mtu ameketi) na piano. Walianza na mtunzi Haydn, wakaja kwa mtunzi Beethoven, baada ya mapumziko wakapiga kazi ya Mrusi Shostakovich. Kwenye kipande cha kwanza nilimkodolea macho yule wa selo, na naapa alikuwa akifuata mkono wa kushoto wa mpiga piano, noti kwa noti. Kulikuwa na haja gani ya kumlipia nauli?
*Mama wa Nyali*

Mama, una masikio kuliko wengi waliokaa viti vya mbele. Piano ya usiku ule niliityuni mimi, yaani nilizipanga sauti za nyuzi zake, kwa hiyo nilikuwa pembeni nikisikia ulichosikia, na ndicho Haydn alichoandika. Aliacha trio za piano, yaani vipande vya piano, fidla na selo, zaidi ya 40, na katika nyingi selo haibanduki kwenye mkono wa kushoto wa piano. Wachapishaji wa zama zile waliziuza kama sonata (vipande) za piano, zenye fidla na selo za kusindikiza.

Wasomi watakueleza hilo kwa ada na mitindo ya wakati ule. Mimi nalieleza kwa mbao na waya. Piano ya Vienna ya miaka ya 1790 ilikuwa na fremu ya mbao, nyuzi nyembamba na oktava tano hivi tu za vitufe, yaani vitufe 60 hivi. Ukibonyeza noti ya chini, inalia kidogo halafu inakufa. Selo iliwekwa pale izibe pengo, kwa kuwa upinde unaendelea kuvuta sauti hata waya ukishanyamaza. Piano ninazozishughulikia leo zina vitufe 88 na fremu ya chuma, na mvuto wa nyuzi zake zote kwa pamoja unakaribia tani 20. Mkono wa kushoto wa piano ya namna hiyo hauhitaji msaidizi. Ndiyo maana yule bwana alionekana wa ziada, na mpiga piano asiyejizuia angemzamisha kabisa.

Lakini ngoja. Mwaka 1795 ilitoka trio ya Haydn ya Sol meja (iliyojengwa juu ya noti ya Sol), ile ambayo mwisho wake hukimbia kwa mtindo wa Wajipsi. Mwaka huohuo, kule Vienna, kijana wa miaka 24 aliyeitwa Beethoven alichapisha trio tatu akazihesabu kuwa kazi yake namba 1. Alizipa sehemu nne nne, kama simfoni, na selo ikaanza kupata maneno yake yenyewe. Ferdinand Ries, mwanafunzi wake, alisimulia kwamba Haydn alimshauri asiichapishe ile ya tatu, ya Do maina. Beethoven akadhani mzee anamwonea wivu.

Ulichokisikia wewe ni cha baadaye, ile trio ya 1811 inayoitwa "Archduke" kwa kuwa alimtunukia Archduke (cheo cha mwana wa kifalme wa Austria) Rudolph, mwanafunzi na mfadhili wake. Kumbuka mwanzo wa sehemu ya pili: selo peke yake inaanza, fidla inajibu, piano imekaa kimya inasubiri zamu. Katika miaka 16 tu, msindikizaji amekuwa mfungua mazungumzo.

Trio hiyo ina kisa kinachoniumiza kikazi. Mwaka 1814 Beethoven aliipiga hadharani mwenyewe, masikio yakiwa karibu yameziba. Mpiga fidla Louis Spohr aliyasikia mazoezi. Penye nguvu Beethoven alibamiza hadi nyuzi zikapiga kelele. Penye upole aligusa kidogo mno hata mafungu mazima ya noti yakapotea. Tena piano, anasema Spohr, ilikuwa imetoka kwenye tyuni vibaya sana, na Beethoven hakujali kwa sababu hakuisikia. Sasa mimi nauliza, miaka zaidi ya 200 baadaye: fundi alikuwa wapi?

Basi mapumziko yakaisha, ikaja trio ya pili ya Shostakovich, ya 1944. Aliitunga katikati ya vita, akaiweka kuwa kumbukumbu ya rafiki yake Ivan Sollertinsky aliyefariki Februari ya mwaka huo. Nani alianza? Yule yule uliyetaka kumkata nauli. Anagusa uzi kwa wepesi bila kuukandamiza, sauti inatoka nyembamba, kama upepo kwenye mdomo wa chupa, na inapanda juu kuliko fidla. Fidla inaingia chini yake. Piano inafuata, chini zaidi. Ngazi yote imepinduliwa.

Kwa hiyo waliopanga ratiba ile hawakuchanganya vya kale na vya karibuni ili kila mtu apate chake. Walikusimulia safari ya selo, na wewe uliisoma sura ya kwanza vizuri kuliko mimi. Tena angalia: hakuna kondakta. Anayeanza ndiye anayevuta pumzi, na wenzake wanaisikia pumzi ile. Ukipata kiti cha karibu safari nyingine, acha kutazama vidole, tazama mabega.

Fundi, shikamoo. Mimi ni mwanafunzi wa chuo, Morogoro. Nimeona video ya watu watatu waliovaa barakoa nyeusi chini ya taa ya buluu: filimbi, selo na piano. Mpiga piano aliinuka akapitisha patasi juu ya nyuzi ndani ya piano! Huo nao ni muziki? Na wewe ungeruhusu?

Marahaba. Hiyo ni *Vox Balaenae*, "Sauti ya Nyangumi", ya Mmarekani George Crumb, ya mwaka 1971. Alikuwa amesikia sauti za nyangumi zilizorekodiwa baharini, akazitafutia vyombo. Barakoa na taa ya buluu si madoido ya mwenye video. Mtunzi mwenyewe ameyaagiza. Vyombo vinapitishwa kwenye vipaza sauti, mpiga filimbi anaimba huku anapuliza, na mpiga piano ana patasi kweli, pamoja na kijiti cha kioo na kibanio cha karatasi.

Kwamba ni muziki, mimi sina shaka. Sisi tunaoishi ufukweni tuna haki ya kwanza ya kuusikia: nyangumi wa aina ya nundu hupita Watamu kila mwaka, Julai hadi Septemba. Kwa ladha yangu, mwisho wa kipande kile, kinapozidi kufifia hadi hujui kimeisha au la, unashinda trio nyingi za kale ambazo watu huzipenda kwa mazoea tu.

Kuruhusu ni shauri jingine. Akija mpiga piano kuniomba, nina masharti. Patasi isiwe na ncha kali wala kutu. Mikono ioshwe na kukaushwa, kwa sababu nyuzi za besi zimezungushiwa shaba na jasho la vidole huziharibu polepole, halafu lawama ananipa mwenye piano. Alama za kumwonyesha uzi upi ni upi zibandikwe juu ya vizima-sauti kwa karatasi inayobanduka, siyo kuchorwa kwa kalamu ya wino. Na mazoezi yafanyike mimi nikiwepo. Wengi hukubali kwa furaha. Wapiga muziki wa kisasa, nimewaona, ni waangalifu na piano kuliko wanafunzi wa shule wanaoifanya meza ya soda.

Nilikuwa kwenye tamasha la hoteli moja ya pwani. Wakati wa mapumziko ulipanda jukwaani na funguo zako. Kuna kitu kiliharibika?
*Msomaji, Kilifi*

Hapakuharibika kitu, palizimwa kitu. Piano niliityuni saa nane mchana, ukumbi ukiwa baridi. Baada ya mazoezi mtu wa hoteli akazima viyoyozi "kuokoa umeme", akaviwasha tena wageni walipoanza kuingia. Ubao wa sauti wa piano ni mti, na mti hunywa unyevu. Ukivimba unazisukuma nyuzi juu, zaidi zile za katikati. Selo na fidla nazo zilikuwa zinahangaika, ila wao wanaweza kusogeza kidole. Piano haina pa kusogea: wenzake wawili huchukua noti ya La kutoka kwake wanapofunga nyuzi zao, ikihama wote wamehama. Nilirekebisha zilizopotoka zaidi tu. Dakika 15 hazitoshi nyuzi mia mbili na zaidi.

Tupige makofi lini?
*Tanga*

Wakishusha pinde na kuinuka. Ukiwahi kati ya sehemu na sehemu hakuna atakayekufa. Enzi za Beethoven walipiga, na wakati mwingine walidai sehemu irudiwe.

Assalamu alaykum Fundi. Mwanangu ana miaka 13, anajifunza fidla kwa mwalimu wa taarab hapa Unguja na anaendelea vizuri. Sasa anataka kuunda trio na wenzake, mmoja wa piano na mmoja wa selo. Tumwache, au atachanganyikiwa?

Waalaykum salaam. Mwacheni, lakini kwanza mwulizeni mwalimu jinsi anavyofunga nyuzi. Wapiga fidla wengi wa muziki wa Kiarabu hufunga Sol, Re, Sol, Re. Trio za Ulaya zimeandikwa kwa Sol, Re, La, Mi. Akibadilisha kila siku kwenye fidla moja, nyuzi zitachoka na vidole vitapotea njia. Ikiwezekana aazime fidla ya pili, hata ya bei rahisi.

Shida kubwa ni sikio. Katika maqamu (ngazi za sauti za muziki wa Kiarabu) kama Rast au Bayati kuna sauti zinazokaa kati ya vitufe viwili vya piano. Qanuni, kile chombo cha nyuzi nyingi kinacholazwa mapajani, ina vijiti vidogo vya kuinua na kushusha kila uzi, kwa hiyo inazifikia. Piano haiwezi, na usimruhusu fundi yeyote akudanganye kwamba ataifanya iweze. Basi wakiwa na piano wapige vya piano: waanze na ile trio ya Haydn ya Sol meja, polepole, sehemu ya mwisho waiache hadi vidole vikomae. Wakitaka taarab, piano ikae pembeni, atafutwe mtoto wa qanuni au wa udi. Hiyo nayo ni trio kamili. Dhow Countries Music Academy, iliyoanza 2002 hapo hapo Mji Mkongwe, inafundisha vyombo hivyo, na humo ndimo mnaweza kumpata wa tatu wao. Selo abaki popote waendapo. Yeye hana vitufe, atawafuata.