Pedi ni nzima, kosa limo ndani ya gemu

SWALI: Mimi na mdogo wangu tunacheza Battletoads wawili kwenye kompyuta. Tukifika hatua ya 11 mchezaji wa pili hasogei kabisa. Tumebadilishana pedi, wapi! Nimebandika kiraka cha mashabiki (faili dogo la kurekebisha gemu), sasa kioo kinabaki cheusi. Tunakosea wapi?
Msomaji, Nkuhungu, Dodoma

JIBU: Pedi iacheni. Battletoads ya NES (mashine ya kaseti ya Nintendo), iliyotengenezwa na Rare mwaka 1991, ina kosa lake yenyewe kwenye toleo la Marekani. Katika Clinger-Winger, ile hatua ya gurudumu moja mnapofukuzwa na mpira, mkiwa wawili vitufe vya mchezaji wa pili havifanyi kazi. Anakaa palepale hadi mpira umkute. Ni uonevu mkubwa kwa watu waliovumilia hatua 10, na kiraka hicho kinastahili kuwekwa.

Kuhusu kioo cheusi, angalia kwanza ukubwa wa faili la gemu kwa baiti. Lenye kichwa lina 262,160, lisilo na kichwa 262,144. Tofauti ni baiti 16 za mwanzo zinazoieleza emuleta (programu inayoiga mashine ya gemu) aina ya kaseti. Kiraka cha IPS (aina moja ya faili la kiraka) huhesabu nafasi kuanzia mwanzo wa faili, kwa hiyo kilichotengenezewa faili lisilo na kichwa ukikiweka kwenye lenye kichwa, kila badiliko huangukia baiti 16 kabla ya mahali pake. Na IPS hakikagui chochote, hubandika tu. (BPS, aina nyingine ya kiraka, hukagua, na faili lisipolingana hukataa, ndiyo maana ukikuta aina zote mbili chukua BPS.) Soma maelezo yanayokuja na kiraka, linganisha namba ya CRC32 (namba ya kutambulisha faili) iliyoandikwa humo na ya faili lako. Toleo la Japani limelegezwa ugumu na baiti zake ni tofauti, kiraka cha Marekani hakikai humo.

Faili ulilokwisha kulibandika lifute, limeharibika. Rudi kwenye nakala safi ya kaseti yako, uiite toads.nes, na kiraka ukiite toads.ips, folda moja. RetroArch, programu ya emuleta, itakibandika yenyewe kila ukifungua gemu, nakala safi isiguswe.

Kwenye kioo cha mwanzo shikilia Chini, A na B, kisha bonyeza Start: mtaanza na maisha 5 badala ya 3.

SWALI: Pikipiki za hatua ya 3 ya Battletoads nilizimudu kwenye TV ya chogo na mashine ya kaseti. Kwenye flati nagonga kila ukuta. Kwa nini?
Msomaji, Kondoa

JIBU: Sababu huwa mbili. Mashine nyingi za kaseti za PAL (mfumo wa picha za TV) zilichora picha 50 kwa sekunde. Toleo la Marekani kwenye emuleta linachora 60, kwa hiyo huenda ulizoea mwendo wa polepole. Pili, flati huichakata picha kabla ya kuionyesha, na kila picha moja ya kuchelewa ni kama milisekunde 17. Washa hali ya gemu kwenye TV, zima ulainishaji wa mwendo, tumia pedi ya waya. Ndani ya RetroArch washa Run-Ahead (hupunguza kuchelewa kwa vitufe), fremu 1. Ukipandisha hadi 3 picha inaweza kuanza kurukaruka.

Kwenye mwendo wa kasi, ukuta huwakawaka kabla ya kukufikia. Hama njia unapowaka. Ukisubiri uukaribie umechelewa.