Idi si sikukuu yake, nimlipe ya nini?

SWALI: Shikamoo mzee. Nauza dagaa Mwaloni Kirumba, nina kijana niliyemwajiri kwa mwezi. Idi el-Fitri iliyopita nilikwenda kuswali, yeye akabaki kupokea mzigo na kuanika. Mwisho wa mwezi anadai siku ile ilipwe mara mbili. Yeye ni Mkristo, Idi inamhusu nini? Sasa tumenuniana. Tena, siku hizo shule zikifungwa naruhusiwa kumchukua mtoto wa jirani, miaka kumi, aanike kwa malipo?
Mama Dagaa, Kirumba

JIBU: Marahaba mama. Mlipe kijana wa watu.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 25, inasema mfanyakazi akifanya kazi siku ya sikukuu ya umma, kila saa analipwa mara mbili ya mshahara wake wa msingi. Anasali wapi, sheria haikuuliza. Ungekuwa wewe ndiye umeajiriwa, ukashinda kazini Ijumaa Kuu, ungekubali kuambiwa kwamba Pasaka haikuhusu? Najua ungekuja juu. Na Oktoba 14, Siku ya Nyerere, sijui tungeigawa kwa dini gani.

Hesabu yenyewe si ngumu. Wiki ya kazi ya kawaida ni saa 45, mwezi unafika kama saa 195. Tuseme unampa shilingi 195,000 kwa mwezi, basi saa moja ni 1,000, na siku ya sikukuu ni 2,000. Alfajiri mpaka adhuhuri, tuseme saa saba, ni 14,000. Sidhani kama fedha hiyo inastahili watu wa genge moja kununiana.

Ila nakuonea huruma kidogo, maana biashara yako na Idi ya kufungua haziivi. Idi hiyo huja mwezi ukiwa mchanga, na hilo ndilo giza wanalolitaka wavuvi wa dagaa. Taa zinavuta vizuri, mitumbwi inarudi imejaa, nawe asubuhi hiyo hiyo unapiga pasi baibui. Dagaa wabichi hawasubiri hotuba iishe. Wakichelewa kuanikwa matumbo yanapasuka, na mnunuzi atakutajia bei ya chakula cha kuku. Kwa hiyo mtu lazima awepo. Idi ya kuchinja ni tofauti: mwezi una siku kumi, mbalamwezi imeshakolea, mzigo unapungua. Hapo mpe kijana mapumziko.

Kalenda ya ukutani usiitegemee sana. Siku ya Idi ya kufungua huwa haijulikani kwa uhakika mpaka mwezi uandame. Zungumza naye wiki moja kabla, mkubaliane kwa siku zote mbili zinazowezekana, badala ya kumpigia simu saa nne usiku tangazo likishatoka.

Mtoto wa jirani, hapana. Aliye chini ya miaka 14 haajiriwi, shule ifunguliwe au ifungwe. Mzigo ukizidi, tafuta mwanikaji mtu mzima mpatane kwa ndoo, na hela yake umpe siku hiyo hiyo kabla hajanawa mikono.