Jibu: Hamsta ndani ya nyumba yenye mjamzito

Mkuu, umeuliza kama hamsta wa mwanao (wale wanyama wadogo wa kufugwa, jamii ya panya) wanaweza kumwambukiza virusi mkeo mwenye mimba, na kama mafua ya mtoto yatawapata wao.

Mafua ya kawaida yasikunyime usingizi. Korona ndiyo huwapata: Januari 2022 kule Hong Kong, mfanyakazi wa duka la wanyama aliambukizwa na hamsta, serikali ikaamuru wanyama wadogo kama 2,000 wauawe. Hatua kali mno, kwa maoni yangu.

Kwa mkeo mimi nahofia kirusi kiitwacho LCMV. Asili yake ni panya wa nyumbani. Hamsta akikipata hukitoa kwa mkojo, mate na kinyesi huku akionekana mzima kabisa. Mtu mzima mwenye afya huugua homa na kichwa, akapona, lakini kwa mjamzito kinaweza kuharibu mimba au kumdhuru mtoto ubongo na macho. Marekani, mwaka 2005, wagonjwa 4 walipandikizwa viungo vya mtu mmoja aliyefariki. 3 wakafa, na kirusi kikakutwa kwa hamsta wa nyumbani kwake.

Kwa hiyo wapeleke kwa shangazi mpaka mama ajifungue. Ikishindikana, tundu lisafishwe nje, na mtu mwingine: avae glavu, alowanishe maranda kwanza vumbi lisiruke, wala asilioshee kwenye sinki la vyombo. Na chakula chao kisilale wazi, ndicho kinachowaita panya usiku.

Mkeo akipata homa, amtajie daktari hao hamsta, maana mwenyewe hatauliza.