Macho asubuhi, mikono mchana: kwa wanaokuja kukaa nasi Mlima Elgon

Kila mwaka, mahindi yakishavunwa na barabara ya kutoka Kitale kwenda Endebess ikianza kutimua vumbi, tunapokea wageni wa kazi. Wengi ni vijana wa chuo wanaotafuta miezi mitatu ya mafunzo ya vitendo. Mara mojamoja huja mtu mzima aliyechoshwa na mji. Wanalala kwenye vyumba viwili vya mabati nyuma ya jikoni, wanasaidia kazi za boma, wanajifunza kutengeneza vibuyu kwa Gogo, bibi wa boma letu, na wanafuatana nami kuangalia wanyama. Mimi pia nilikuja hivyohivyo, kutoka Kisumu, na mkoba mmoja na raba nyeupe. Haya nayaandika kwa sababu nimechoka kuyarudia kila Januari huku nimebeba ndoo.

Kitu kinachowashinda wageni wengi ni saa. Kuamka mapema wanaweza, ila wanazipanga kazi kinyume. Kiangazi hapa ni Desemba hadi Machi, na asubuhi za miezi hiyo mlima huwa wazi kabisa. Ukisimama penye zizi unaona Koitobos, kilele cha mita 4,222, kimelala bapa juu kama meza. Ikifika saa sita mawingu yanaanza kupanda kutoka bondeni, na kufikia saa tisa kile kilele hakipo tena. Wanyama nao wameshajificha kivulini. Sasa mgeni, kwa kuogopa baridi, anajifunika blanketi hadi saa mbili, anakunywa chai polepole, kisha alasiri ndipo anatundika darubini shingoni na kuniuliza, "Tunaenda?" Tunaenda wapi? Asubuhi ni ya macho. Mchana ni wa mikono. Ukilishika hilo, mengine utayazoea.

Na tusichanganye kiangazi chetu na cha watu wa ng'ambo. Kuna kijana mmoja alisoma kwenye mtandao kwamba msimu mzuri wa kutembea ni Juni hadi Agosti, akaja Julai na kaptura nne. Julai huku ni mvua na ukungu, na tope linalokuvua kiatu ukiwa unatembea. Alikaa jikoni wiki mbili, akimenya viazi. Mwishowe alikuwa mmenyaji hodari sana, lakini mbega, yule kima mweusi na mweupe, alimwona mara moja tu.

Hata kiangazi usiku ni baridi. Lete sweta nzito, soksi za kulalia na gambuti. Jiko la makaa usiingize chumbani ukafunga mlango, hata kama meno yanagongana. Hewa ya makaa inayoua haionekani wala hainuki. Omba blanketi la pili, tunayo.

Sasa vibuyu. Wageni hufikiri ni kazi ya kupamba: unapewa kibuyu kikavu, unakichora, unapiga picha. Gogo hampi mtu kibuyu kikavu. Anakupeleka kwenye ua, ambako mimea yake imetambaa juu ya fito, anakuonyesha vibuyu vinavyoning'inia, kisha anakuuliza kipi kimekomaa. Utaonyesha kile kikubwa. Si hicho. Anayetazama ukubwa bado mgeni. Mwenyeji anatazama kikonyo. Kikonyo kikiwa kibichi, ngozi ya kibuyu bado laini na itanyauka ikikauka. Kikiwa kimekauka na kuwa kahawia, unaweza kukata.

Baada ya hapo ni kungoja, na vijana wengi wananuna hapa. Kibuyu kinakauka taratibu kivulini, wiki hata miezi, mpaka mbegu zicheze ndani ukikitikisa. Mwaka wangu wa kwanza nilikuwa na haraka. Nilikitundika kibuyu changu juu ya jiko, nikijua moshi utanisaidia. Siku ya tatu, tukiwa tunakula, tulisikia "tak!" kama mtu amevunja kuni. Ufa ulikuwa umetoka mdomoni hadi kitakoni. Gogo hakuinua macho kwenye sahani. Alisema tu, "Mtoto wa ziwa amepika kibuyu," na jina hilo lilinifuata mwaka mzima. Ule ufa alinifundisha kuushona kwa uzi wa katani, tundu kwa tundu, kwa msumari uliopashwa moto, na mpaka leo kibuyu hicho natunzia mbegu za sukuma. Maziwa hakifai.

Kikishakauka unakata mdomo, unajaza maji na kukiacha nyama ya ndani ioze. Harufu yake? Utanisamehe. Unaikwangua kwa kijiti kirefu, unatia changarawe na maji na kutikisa mpaka mikono ife ganzi, unamwaga, unarudia. Kibuyu kichungu kitaharibu maziwa yote, na njia ya kujua ni kuonja maji yaliyolala ndani. Gogo huonja, kisha anatema pembeni. Akitema kwa nguvu, rudia. Siku atakapomeza, umemaliza.

Ndipo unakuja mkaa. Kuna kichaka chenye maua ya njano yaliyosimama wima, Wakalenjin wanakiita senetwet. Tawi lake linachomwa mpaka liwe kaa jekundu, linaingizwa ndani ya kibuyu na kusuguliwa kwa sosiot, brashi ya ufito wa mtende uliopondwapondwa ncha. Hapo ndipo mursik, maziwa ya mgando ya Wakalenjin, inapopata rangi yake ya kijivu na ladha ile ya moshi. Maziwa yanachemshwa, yanapoa kabisa, ndipo yanamiminwa na kufungiwa siku kadhaa. Nasisitiza kupoa. Mgeni mmoja wa mwaka juzi alimimina yakiwa moto. Tukapata kitu ambacho hata paka alikizunguka.

Nilikuwa nikishangaa Gogo anajuaje kibuyu kiko tayari bila kukifungua. Siku moja alinishika mkono, akakunja kidole changu na kukigonga nacho ubavuni mwa kibuyu. "Unasikia?" Nikasema nasikia ko, ko. Akanipa kingine. Hicho kilisema ko pia, lakini mwishoni mwa sauti palikuwa na kitu kizito, kama mtu anayeongea na chakula mdomoni. "Hicho kina maji bado kwenye ngozi." Nimegonga vibuyu vingi tangu siku hiyo, na bado yeye hunikosoa kimoja katika vitano. Shanga na ngozi ya kufunikia huja mwisho kabisa, na hizo utazijifunza kwa siku mbili.

Ukitaka kuuza kazi yako, uza ukiwa umeshika pesa. Duka moja la vitu vya watalii lilichukua kwetu vibuyu kumi na viwili kwa mali kauli. Mwenye duka alikuwa na maneno matamu na risiti nzuri yenye muhuri. Miezi minne baadaye vibuyu havikuwepo, pesa hazikuwepo, na mwenye duka naye alikuwa "ametoka kidogo" kila nilipoenda. Siku hizi tunapeleka viwili viwili, na cha tatu hakiondoki kabla ya viwili vya kwanza kulipiwa.

Jingine kuhusu vitu vya mkono: utaletewa barabarani bangili ya singa za mkia wa ndovu, mwiba wa nungunungu, kipande cha ngozi ya mbega. Usinunue, hata kwa huruma. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977 na biashara ya nyara za wanyama mwaka uliofuata, na sheria ya wanyamapori ya 2013 iliongeza adhabu zenye uzito kweli. Hutaki kumweleza askari wa KWS, shirika la wanyamapori, kwamba ulidhani ni plastiki.

Tukirudi kwenye asubuhi. Saa kumi na moja na nusu, giza likiwa bado, utasikia mngurumo kutoka msituni, kama pikipiki inayokataa kuwaka. Ni dume la mbega anatangaza mipaka yake, na dume la kundi la pili linajibu, kisha la tatu huko juu. Usikimbie kwenda. Kunywa chai, vaa sweta, tembea taratibu. Mbega akishanguruma huwa anangoja jua. Kwenye saa moja hivi kundi zima hupanda matawi ya juu na kukaa likiota jua, mikia meupe ikining'inia kama nguo zilizoanikwa, na hapo hata bila darubini utawahesabu. Tazama mikono yao: hawana kidole gumba. Tawi wanalishika kama ndoano. Ukiona kitu cheupe pepe kimeng'ang'ania kifuani mwa mama, hicho ni kitoto cha majuma machache. Weusi huja baadaye. Asubuhi moja ya Februari nilimwona mama akimpokonya mwenzake mtoto, akambeba, akamlamba, kisha akarudisha. Mtoto akapita mikono minne kabla hajarudi kwa mwenyewe. Niliyekuwa naye, binti wa chuo kutoka Nakuru, akanong'ona, "Kama kwetu kwenye arusi."

Kanuni zangu msituni ni chache. Nguo zisizong'aa. Simu kimya. Usinyooshe mkono kuonyesha mnyama, sema tu "kushoto, tawi la pili." Nikisimama, simama, nikirudi nyuma, rudi bila kuuliza. Hilo la mwisho ni kwa sababu ya nyati. Watu huja wakiogopa chui, ambaye huenda wasimwone miaka kumi, na hawamwogopi nyati aliyelala kwenye nyasi ndefu hatua ishirini mbele. Ndani ya mbuga tunatembea na askari mwenye bunduki, na malipo ya lango la Chorlim hufanywa kwa simu, kwa hiyo usije na noti peke yake.

Ndovu ni habari nyingine. Kila mgeni anataka kuwaona wakiingia pango la Kitum. Ni kweli, ndovu wa Elgon huingia mapangoni usiku, gizani kabisa, wakipapasa kwa mkonga, wakachimba ukuta kwa pembe na kumeza mawe yenye chumvi. Alama za pembe zimejaa ukutani, utazigusa kwa macho. Lakini ujangili wa miaka ya sabini na themanini uliwapunguza sana, na waliobaki wamejifunza kutokuonekana. Mimi kwa miaka yote hii nimewaona mara tatu, na mara moja kati ya hizo nilichoona ni makalio. Kinyesi kibichi na mti uliobambuliwa gome, hivyo utaviona, na ninakuomba uvifurahie.

Nimesema kwa macho kwa makusudi. Ndani ya Kitum kuna popo wala matunda, na watu wawili waliowahi kulitembelea pango hilo, mmoja mwaka 1980 na mwingine 1987, walifariki kwa homa ya Marburg. Hatuendi mpaka ndani, hatushiki kuta, hatukalii sakafu yenye kinyesi cha popo, na mwenye kidonda mkononi anabaki nje na mimi. Kijana akiniambia naogopa bure, namjibu ndiyo, naogopa, haya tusimame hapa mlangoni.

Siku ya mapumziko nakushauri uende Saiwa, upande wa barabara ya Kapenguria. Ni mbuga ndogo kuliko zote za taifa nchini, kilomita za mraba kama tatu tu, na magari hayaingii. Unatembea kwa miguu kwenye njia za mbao juu ya kinamasi. Ilitengwa mwaka 1974 kwa ajili ya nzohe, swala wa majini mwenye kwato ndefu zilizopanuka, anayetembea juu ya matete bila kuzama. Panda moja ya majukwaa yaliyojengwa mitini kabla ya saa moja, kaa, nyamaza. Anatoka polepole sana. Kwanza utaona masikio, kisha mgongo unaodondosha maji. Humohumo yumo kima mwenye ndevu nyeupe ambaye watu humwita kalasinga. Usiku huo lala Kitale. Ukisema utafika asubuhi kwa matatu kutoka kwetu, nzohe atakuwa ameshalala.

Kuhusu kukaa na watu sina mengi. Salimia kwa mkono, kila mtu, hata mkiwa kumi na tano na una haraka. Gogo mwite Gogo. Ukipewa mursik kunywa hata kama ni fundo moja, na usiulize kile cheusi ndani ni nini, nimeshakueleza ni mkaa. Ndovu wakiingia shamba la jirani usiku, usitoke na simu kupiga picha. Ukitoka, toka na debe la kupiga kelele, kwa sababu pale panaliwa karo ya mtoto wa mtu.

Matatu za Endebess ziko stendi ya Kitale, na kutoka Endebess utapanda boda hadi penye mti mkubwa wa mtarakwa, ambapo nitakuwa nakungoja. Njoo na tochi ya kichwani, kisu kidogo kikali na daftari lisilo na kurasa zinazong'aa. Na ukipitia Kisumu, nunua omena kavu, wale dagaa wa ziwani, gorogoro moja. Mwaka wangu wa kwanza Gogo alizikataa, akasema zinamtazama. Sasa akisikia mgeni anakuja, swali lake la kwanza ni kama anapitia ziwani.