Tiki za mashua zilizo ukurasa wa pili

Kaka, umeuliza kwa nini fomu yako haitumi tiki za ukurasa wa pili, na kwa nini kurasa zinaharibika ukificha mashua mbovu. Hizo tiki hazijapotea. DataTables (maktaba ya JavaScript inayogawa jedwali katika kurasa) huacha kwenye HTML mistari ya ukurasa unaoonekana tu (10, usipobadilisha). Mingine huitoa na kuihifadhi kando. Ndiyo maana fomu yako ya mashua za Lamu na Mokowe, yenye mistari 48, inatuma tiki za 10 tu. Kusanya kwa table.$('input').serialize() (table ni jedwali lako la DataTables), si $('input') tupu, halafu tuma matokeo hayo kwa AJAX, yaani bila kupakia ukurasa upya.

Kuficha mashua mbovu kwa display:none ndiko kunakokuharibia kurasa: jedwali halijui umeficha, linaendelea kuihesabu, kwa hiyo unaona mistari 7 huku chini pameandikwa 1 hadi 10. Ongeza safu ya hali, uifiche kwa visible: false, kisha chuja kwa table.column(4).search('1').draw(). Usipoita draw(), inayochora jedwali upya, hakibadiliki kitu. Safu huhesabiwa kuanzia 0, zilizofichwa zikiwemo. Na katika safu hiyo ya hali andika 1 (mashua nzima) au 0 (mbovu), si "ipo" na "haipo": utafutaji hulinganisha vipande vya neno, ukitafuta "ipo" na "haipo" zote zinakuja. Hilo huwasumbua wengi.