Uvimbe wa shingo, usikimbilie dozi ya TB

Wadogo zangu mnaokuja kuanza intani hapa Dodoma, hili mtakutana nalo mapema tu: mama katoka Kongwa au Mpwapwa, ana kinundu kwenye thairoidi (ile tezi ya mbele ya shingo) na pembeni ya shingo kuna mitoki (tezi za limfu zilizovimba), mkononi kashika karatasi imeshaandikwa TB ya tezi, yaani ya hiyo mitoki. Ni kweli TB ya tezi ipo sana, na ukimhoji vizuri utasikia habari za maziwa mabichi, mtu anayekohoa nyumbani, au VVU hajapima. Ila TB kuingia kwenye thairoidi yenyewe ni nadra mno, sa ukikuta vyote viwili jiulize ni ugonjwa mmoja au miwili imekutana.

Anza na mikono. Simama nyuma yake, mpe kikombe cha maji ameze, kinachopanda na kushuka ndo thairoidi, mitoki ya pembeni haifuati. Kitu chepesi hivyo watu hawafanyi, wanaandika utrasaundi wanakaa.

Vinundu vingi havina ubaya, unakuta ni rovu la miaka kwa upungufu wa madini joto, au Hashimoto (kinga ya mwili inaishambulia thairoidi yenyewe). Mitoki nayo inaweza kutokana na jino bovu, kwahiyo mwambie afungue mdomo. Lakini kinundu kigumu, mitoki upande huohuo isiyouma, na sauti imeanza kukwaruza, hapo waza kansa kwanza. Ile aina ya kansa ya thairoidi inayoitwa papilari ndo inapenda kukimbilia mitoki, na inampata hata binti wa miaka 25 mwenye afya zake na TSH (kipimo cha damu cha homoni inayoiongoza thairoidi) iko sawa kabisa, kwahiyo TSH nzuri isikufanye umwambie hana kansa.

Vuta seli kwa sindano kote kuwili, kinundu na mtoki, na ya mtoki ipeleke pia kwenye GeneXpert, mashine ya kupima vijidudu vya TB (ikija hasi haijafuta TB). Kabla ya hapo usimpe predinisoloni (dawa ya steroidi) eti uvimbe upungue, aisee, kama ni limfoma, yaani kansa ya mitoki yenyewe, itanywea halafu mtu wa patholojia anakosa cha kusoma. Antibiotiki ya Levofloxacin nayo inaficha TB. Akianza kupumua kwa mluzi usisubiri majibu, waite watu wa upasuaji saa hiyohiyo.

Na kwenye faili andika namba mbili za simu za ndugu, majibu ya patholojia yanachelewa na mama akisharudi kijijini msimu wa kulima humpati.